Ukuta wa Chumba cha Maman Zawadi Haulii

Kamembe, Rusizi

Maman yangu,

Nakusalimu kwa heshima yote. Miguu yako inaendeleaje? Ulisema uvimbe unapanda kila mvua ikianza, na huku mvua imeanza kweli, kwa hiyo kila ninapoisikia juu ya bati nafikiria magoti yako. Kikohozi cha mwanangu Zawadi kimepoa? Na ile mihogo ya karibu na mto, mmeing'oa, au nguruwe wa jirani wamewatangulia tena? Mimi ni mzima. Bega la kuume linaniuma kwa kubeba mawe, kwa sababu huku hakuna barabara isiyopanda mlima, lakini nakula na ninalala, sina la kulalamika mbele yako.

Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe, hata kama itakuchukua siku kadhaa. Tafadhali usimpe Papa mdogo Kasongo akusomee. Simdharau, ni ndugu wa Papa na amebaki badala yake. Lakini utaona kwa nini. Ningepiga simu, ila simu yako unaiweka sauti kubwa kwa ajili ya sikio lako, na ninachosema kinasikika mpaka jikoni kwa jirani. Ndiyo maana barua hii nimempa Maman Riziki, yule mfanyabiashara wa vitenge anayepita Uvira na kupanda boti hadi kwetu Kalemie. Nimemwambia aiweke mikononi mwako na si kwa mwingine.

Jambo lenyewe ni hili. Papa mdogo alinitumia sauti yake kwenye simu. Alisema familia imekaa na kukubaliana: misa ya kutoa matanga ya Papa ikishapita, mke wangu Maman Zawadi arudi kwao, na mtoto abaki kwako. Sababu ni ukuta. Alisema ukuta wa chumba chake ulianza kulowa baada ya Papa kufa, tena wakati ule ule alipohamia chumba kile. Kwamba watu wa maombi walikuja wakaombea, ukaendelea. Kwamba yeye mwenyewe aliupiga lipu ya simenti, na badala ya kukauka, maji yakapanda kutoka magotini mpaka kiunoni. Kwamba hicho ni kilio cha Papa, analia kwa sababu ya mwanamke huyu, na kilio kinazidi. Mwisho akasema, "Hata weye utatushukuru."

Niliisikiliza sauti hiyo nikiwa nimekaa juu ya rundo la mawe, bakuli la maharage mapajani. Maharage nilimpa mwenzangu. Mchana wote nilibeba mawe bila kujua naweka wapi, mpaka fundi wetu mkuu akaniuliza kama nina malaria.

Sikumjibu siku hiyo. Mimi niliishia darasa la sita, nawezaje kubishana na watu wa maombi na wazee wa ukoo kuhusu wafu wanataka nini? Nilijua tu kwamba Maman Zawadi si mtu wa kumliza Papa. Lakini kujua hivyo hakukaushi ukuta.

Sasa nisikilize nikueleze nilichokiona Gashonga, kijiji cha milimani huku.

Fundi wetu mkuu anaitwa Papa Espérance. Ni Mnyarwanda aliyekulia Bukavu, akarudi huku na wazazi wake akiwa tayari anajua kushika mwiko. Ni mtu wa mizaha. Tangu aliposikia natoka Kalemie ananiita Papa Ndagala, kwa ajili ya dagaa wa ziwa letu, na siku za mwanzo aliniuliza mbele ya wote, "Kwenu banajengaka nyumba na ndagala?" Nikamjibu kwamba ndiyo, na paka ndio mafundi. Tangu hapo tunaelewana.

Wiki ile ile ya sauti ya Papa mdogo, tuliitwa Gashonga na bibi mmoja mjane. Sote tulimwita Koko, kama wanavyowaita mabibi Bukavu, maana naye aliwalea watoto wake kule. Nyumba yake iko kwenye mteremko, migomba nyuma, mihogo mbele. Imejengwa kwa rukarakara, ndivyo wanavyoita huku yale matofali mabichi ya udongo, sawa na ya nyumba yetu. Ukuta wa chumba anacholala ulikuwa umelowa.

Na mwaka uliopita, aliyeupiga ukuta huo lipu ya simenti alikuwa Papa Espérance mwenyewe. Koko hakumficha. Alitupokea mlangoni na beseni la maharage mkononi, akamwambia, "Dawa yako ile ulipaka, angalia sasa. Mugonjwa amezidi." Sisi tulicheka, Papa Espérance naye alicheka pamoja nasi, lakini alipoingia ndani aliuwekea ukuta kiganja na akakaa hivyo kwa muda mrefu, na mzaha ukamwisha.

Koko alikuwa na mtu wake wa kulaumu. Alisema ni choo cha jirani wa juu, kinashuka chini kwa chini kuja kumtembelea. Papa Espérance akainama akanusa ukuta, akaniambia na mimi ninuse. Ulinuka udongo, basi, kama chungu kipya kilichotiwa maji. Akamwambia, "Koko, ingekuwa choo, ungekuwa umehama zamani." Koko akajibu kwamba harufu ya jirani yule ameshaizoea hata bila choo.

Kisha Papa Espérance akaanza kuusoma ukuta. Mimi nilimshikia ngazi, na kwa kuwa kichwani nilikuwa na ukuta wetu, nilishika kila neno. Alisema maji yanaweza kuingia nyumbani kwa njia nyingi na kila njia inaacha alama yake. Maji ya bati lililotoboka yanaanza juu na kushuka, yanaacha mstari wa rangi ya chai. Akapanda akatazama juu: pakavu, utando wa buibui una vumbi. Maji mengine si ya mvua kabisa, ni ya sisi wenyewe, pumzi ya watu waliolala dirisha limefungwa, mvuke wa sufuria, nguo mbichi zilizotandazwa ndani. Hayo yanatua pembeni kwa juu na nyuma ya kabati, na kuota ukungu mweusi. Huko nako palikuwa safi. Hapa unyevu ulianzia sakafuni, ukapanda sawasawa kama mtu aliyevuka mto na kulowa suruali, na pale ulipoishia paliota unga mweupe. Aliukwangua kwa ukucha, akaniletea mdomoni. "Onja, Papa Ndagala. Weye unajua chumvi ya samaki." Nikaonja. Chumvi kweli, Maman. Maji yanaitoa ardhini, yanapanda nayo ndani ya tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, halafu maji yanakauka na chumvi inabaki pale.

Hata hivyo alitaka kuhakikisha, kwa sababu mara ya kwanza alikosea. Alichukua kipande cha kioo cha dirisha kilichovunjika, akakishikiza ukutani kwa misumari midogo na kuziba kingo kwa nta ya mshumaa. Akasema tutarudi kesho yake. Kioo kikilowa upande wa mbele, upande wa chumba, maji ni ya pumzi na jikoni. Kikilowa nyuma, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe.

Kesho yake mbele ya kioo palikuwa pakavu, ningeweza kujitazama. Nyuma yake matone yalikuwa yamejipanga kama jasho la mtu.

Papa Espérance akamwuliza Koko kama nyumba ilijengwa bila msingi. Koko alikasirika kidogo. Alisema mume wake alibeba mawe ya msingi kutoka mtoni kwa kichwa chake, na kwamba msingi ule ulikuwa juu kuliko wa mtu yeyote kwenye mlima huo. Tukatoka nje kuutafuta. Hakuna jiwe. Udongo wa ua ulikuwa umefika moja kwa moja kwenye matofali, na juu ya udongo nyasi zimeota vizuri.

Wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa ziwa, kwa hiyo tulichimba kwa haraka, urefu wote wa ukuta kwa pamoja. Hilo ndilo kosa letu la pili, na ninaomba ulishike. Tulichimba, na lile jembe langu likateleza likagonga ukuta wa nyumba, upande wa chini. Halikugonga, Maman. Liliingia. Liliingia kwenye tofali kama mkono unavyoingia kwenye bugali, na nilipolivuta, maji ya rangi ya kahawia yakatoka yakanilowesha miguu.

Papa Espérance aliona. Alitunyooshea mkono tuache, na kwa sauti ya chini sana, ambayo sijawahi kuisikia kwake, aliita dirishani.

"Koko, toka inje."

Koko alikuwa amekaa kitandani anachambua maharage yake. Akajibu, "Nitoke namna gani na mvua inakuja?"

"Toka, Maman. Nakuomba. Toka sasa."

Alitoka ananung'unika, beseni kiunoni, akisema mafundi wa siku hizi wanawaamuru watu nyumbani mwao. Alikuwa amefika kwenye migomba ukuta ulipokwenda. Nilidhani ukuta ukianguka unapiga kelele. Huu ulikaa chini, kama ng'ombe anavyokaa, polepole kwanza halafu wote. Na kitu kimoja bado nakiona nikifumba macho: matofali yalipomwagika, ile lipu ya simenti ya ndani ilibaki imesimama peke yake, nyembamba, safi, imepakwa rangi ya samawati, na nyuma yake hakuna kitu. Unaona mgongo wa ile lipu tu. Halafu nayo ikalala. Ililala juu ya kitanda, pale pale bibi yule alipokuwa amekaa, na miguu ya kitanda ikavunjika yote.

Mwenzetu mmoja alianza kusali. Papa Espérance alikaa chini kwenye matope akiutazama mwiko wake kana kwamba ni wa mtu mwingine, kwa sababu ile ngozi ya simenti ilikuwa kazi yake. Ndiyo iliyotudanganya sote. Tofali la udongo likilowa hupumua maji nje, yakakauka kwa jua na upepo. Ukilivika simenti, umelifunga mdomo. Maji hayawezi kutoka, basi yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chini tofali linarudi kuwa tope huku kwa macho unaona ukuta mzuri mgumu.

Koko ndiye aliyesema wa kwanza. Alisema, "Ile udongo, ni batu bazuri baliniletea."

Tukamwuliza udongo gani. Akasimulia kwamba mume wake alipofariki mvua ilikuwa kubwa, ua umegeuka matope, na watu wa matanga hawakuwa na pa kukaa. Basi majirani wakakubaliana kila nyumba ilete udongo mkavu mwekundu, wengine kwa beseni, wengine kwa mkokoteni, wakaujaza ua mpaka ukutani ili watu wakae bila kulowa. Watu walikaa siku zote za matanga bila kulowa. Yeye hakuuondoa baadaye. "Niliona kama niko nafukuza batu," alisema.

Maman, niliposikia hivyo nilitia mkono mfukoni kutafuta simu.

Unajua sikufika kwenye matanga ya Papa. Mpaka ulikuwa umefungwa na nililia huku peke yangu. Nilichonacho ni ile picha aliyonitumia mdogo wangu Josué. Turubai, viti, watu, na wewe umesimama mlangoni na kitenge cheusi. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi, lakini siku zote natazama uso wako. Siku hiyo, mikono imejaa matope, nilitoa simu na nikatazama miguu yako.

Jiwe la mlangoni halipo.

Lile jiwe pana alilokuwa akikalia Papa kukwangua matope ya buti akitoka shambani. Lile ambalo Zawadi alipoanza kutembea hakuweza kulipanda, mpaka abebwe. Kutoka uani kuingia kwetu ilikuwa lazima uinue mguu. Kwenye picha umesimama mlangoni na watu wamekaa sawa na wewe, na nyuma ya bega lako udongo mwekundu umefika karibu na dirisha la chumba cha Maman Zawadi.

Nilimpigia Josué siku hiyo hiyo, akaniambia ndiyo, mvua ilikuwa kubwa na watu wa mtaa walileta udongo, na walijaza zaidi upande ule kwa sababu ndiko turubai lilikofungwa. Nikamwonyesha Papa Espérance picha. Akauliza nani aliupiga ukuta wetu simenti. Nikamwambia ni ndugu wa Papa. Akaziba mdomo kwa mkono. Kisha akauliza, "Bibi yako analala upande gani?" Nikamwambia kitanda cha mke wangu kimegusa ukuta ule ule, na upande wa kichwa.

Ndipo nilipokupigia wewe na kukuambia vitanda vyote viondoke ukutani leo hii, na hakuna kulala chumba kile. Ulikubali, nashukuru. Lakini ulipouliza kwa nini, Papa mdogo alichukua simu akasema natafuta njia ya kumtetea mke wangu, simu ikakatika. Ndiyo sababu sasa naandika.

Niseme wazi. Ukuta haulii. Unakunywa. Ulianza kunywa baada ya Papa kufa kwa sababu udongo uliletwa Papa alipokufa. Mengine yote yamekuja kwa wakati mmoja na yakaonekana ndugu. Maman Zawadi alihamia chumba kile kwa sababu chumba chake mliwapa wageni wa matanga, wewe ndiwe uliyemwomba. Angehamia mwingine yeyote, wewe au Papa mdogo, angelala kwenye unyevu ule ule na tungesema Papa analizwa na yeye. Na maji kupanda mpaka kiunoni baada ya simenti, hilo si kilio kuzidi. Nimeona kwa macho yangu simenti inafanya nini. Usimlaumu Papa mdogo, fundi wa miaka mingi huku alifanya vile vile na karibu amwue bibi wa watu.

Najua utasema udongo ule ni wa matanga na haugusiki mpaka misa ipite. Na najua kuna jingine hutalisema: kila mtu wa mtaa alileta kidogo, na hiyo ndiyo heshima waliyompa Papa, utaufukuzaje? Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi Kamembe kwenye moto, pikipiki ya abiria, mvua inanipiga usoni. Maman, watu walileta udongo ili waombolezaji wasilowe. Kazi hiyo imekwisha. Sasa unalowesha mke wangu na mjukuu wako. Hata wenyewe ukiwaambia watakuja na majembe yao, walioleta udongo ndio hao hao. Na Papa, unamkumbuka alivyokuwa wa kwanza kutoka mvua ikinyesha, anazibua mfereji na fulana tu? Huyo ndiye wanayesema analia kwa sababu ya mwanamke. Papa angelia kwa sababu ya mfereji.

Usiniamini mimi. Fanya kama tulivyofanya. Chukua kioo kilichovunjika cha dirisha la jikoni, Josué akishikize ukutani kwa misumari na nta, mbele ya Papa mdogo na mbele ya watu wa maombi ikiwa wanataka. Mkiache mpaka kesho yake, bila mtu kulala humo wala kupika. Kikilowa mbele, nimekosea, na nitakaa kimya ukoo useme. Kikilowa nyuma, kila mtu aone, halafu aliyetamka jina la Maman Zawadi alitamke tena akimwomba msamaha. Na mkwangue ule unga mweupe, mwonje.

Mkianza kuchimba, shika kosa letu. Msichimbe upande mzima kwa pamoja. Kwanza ukuta ushikiliwe na miti kutoka ndani, hakuna mtu chumbani, halafu mchimbe kipande kifupi, mwone tofali liko namna gani, bovu litolewe na jipya liwekwe, ndipo msogee. Simenti ibanduliwe, mrudishe lipu ya udongo na mchanga na samadi, ile uliyokuwa unapaka wewe na marehemu shangazi kila kiangazi. Ua uinamie mbali na nyumba. Maji ya bati yapate mfereji wake.

Nina neno moja la mwisho kuhusu mke wangu, na nisamehe kama ni kali. Papa alipokuwa mgonjwa, nani alimbeba asubuhi kumtoa juani, na mchana kumrudisha? Uliniambia wewe mwenyewe kwa simu, ukilia. Mwanamke huyo amelala kwenye ukuta mbichi msimu mzima, anakohoa, watu wanamwombea mapepo juu ya kichwa, na mimi hajaniambia neno. Kila nikimwuliza chumba kikoje anasema, "Ni kazuri, iko baridi tu kidogo." Nilipomwuliza tena siku ile ya Gashonga, alisema alidhani na mimi nimeshakubali na wao. Hilo liliniumiza kuliko bega. Ninakuheshimu, Maman, na sijawahi kukupinga. Lakini akitolewa kwa sababu ya maji, nami nitakuwa nimetolewa naye, na Zawadi hatabaki.

Koko wa Gashonga sasa analala kwa binti yake, tunamjengea ukuta upya. Papa Espérance hapigi tena mizaha mingi, ila jana aliniuliza kama paka wa Kalemie wanakubali kazi ya kuchimba.

Nisalimie Josué, mdogo wangu, na umwambie ndiye mwenye kioo. Nisalimie Papa mdogo Kasongo kwa heshima, nitampigia mwenyewe barua hii ikifika, na nitaongea naye kama mtoto. Nisalimie katekista wa mtaa, na yule jirani mwenye nguruwe. Mwambie Zawadi baba yake hana ndagala huku, ana sambaza tu, visamaki vya Kivu, navyo ni vidogo kama yeye.

Mkichimba upande wa mlangoni, mchimbe kwa mikono mkikaribia, msilivunje. Mtalifikia jiwe. Lioshe, Maman. Siku ya misa watu wakija, najua watakuletea kiti. Kikatae. Kaa pale jiweni alipokaa Papa, na umwite Maman Zawadi akae kando yako, wageni wote wawapite ninyi wawili wakiinua mguu kuingia nyumbani.

Mwanao,
Sylvestre, baba yake Zawadi